Baba ana Parkinson, alianguka mara moja tu, sasa hataki kutembea. Huu uoga ni ugonjwa au ni akili?

#1 Pweza Mkavu
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mzee wangu ana miaka 71, huu ni mwaka wa 4 tangu aambiwe ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukaza mwili. Tunaishi Mtoni kwa Azizi Ally. Dawa anakunywa (levodopa na carbidopa, mara 4 kwa siku). Mkono wa kulia unatetemeka, lakini mpaka mwaka jana alikuwa anakwenda msikitini mwenyewe na fimbo yake, na akirudi anapitia gazeti.

Mwezi wa 11 akaanguka kwenye korido. Mara moja. Hakuvunjika kitu, mdomo tu ulipasuka, nyuzi 2. Tangu siku hiyo ndiyo basi, anashinda kwenye kochi. Kwenda chooni mpaka ashikwe huku na huku, na hata akiwa ameshikwa anaitazama sakafu kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Daktari kampima, kasema miguu ina nguvu, kutembea anaweza. Mzee akamjibu, "Kwani ulianguka wewe?"

Sasa nimlazimishe au nimwache? Nyumbani tumegawanyika. Bi mkubwa anasema aachwe apumzike. Kaka yangu anasema anadeka.

#2 Dafu Bovu
Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa paleee na kahawa yangu.

#3 BintiMagomeni
Pole sana. Huyo kaka anayesema mzee anadeka mnaishi naye hapo hapo, au anapiga simu?

#4 Pweza Mkavu
Yuko Dodoma. Dada umejuaje?

#5 Tabibu Viungo
Mimi ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, ya dawa nawaachia wenyewe. Mwambie huyo wa Dodoma kwamba kati ya watu 10 wenye Parkinson, kama 6 hivi huanguka ndani ya mwaka, na wengi wao hurudia. Kwa hiyo mzee haogopi kivuli, anaogopa kitu kipo.

Ubaya uko kwenye kinachofuata. Akikaa sana mapaja yanalegea, hatua zinafupika, mgongo unazidi kuinama. Halafu siku moja mvua inaingia dirishani hakuna mtu sebuleni, anainuka haraka, anaanguka kweli. Hapo anakwambia si nilisema?

Tunalo dodoso la maswali 16, kila moja alama 1 mpaka 4. Unaogopa kiasi gani kuanguka ukioga, ukipanda ngazi, ukiikimbilia simu kabla haijakata, ukienda kwenye shughuli ya watu. Niliwahi kumuuliza bibi mmoja wa Yombo. Kwenye kuoga akasema 1, kwenye harusi akasema 4. Nikamwambia bibi, bafuni kuna maji na sabuni, harusini kuna zulia. Akanijibu, "Bafuni nikianguka tunajua mimi na Mungu."

#6 Konda Mstaafu
Huyo bibi wa #5 apewe soda.

Ila mimi naona mnamwonea mzee. Mtu aliyegongwa na bodaboda akawa anaogopa bodaboda tunasema huyo ana akili. Mzee kagongwa na sakafu, akiogopa sakafu mnamtafutia ugonjwa wa pili?

#7 Sidanganyiki
Hapo kuna mkono wa mtu. Mzee anatembea vizuri halafu ghafla sakafu ya kwake mwenyewe inamshinda? Mchunguzeni aliyerithi nafasi yake kazini.

#8 Dafu Bovu
@Sidanganyiki mzee ana miaka 71, kastaafu zamani. Nani anaroga mstaafu?

#9 Pweza Mkavu
Alikuwa karani wa tali bandarini, anahesabu magunia yanayoshuka melini. Nafasi yake imerithiwa na kompyuta.

#10 Sidanganyiki
Basi kompyuta ichunguzwe.

#11 Mama Naila
Mleta mada, alianguka saa ngapi? Na anakunywa dawa saa ngapi? Jibu hayo mawili kwanza.

#12 Pweza Mkavu
Dawa saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Alianguka saa 9 na nusu alasiri. Alikuwa ametoka kula ugali na maharage, anakwenda kunawa.

#13 Mama Naila
Nilijua tu.

Mama yangu mzazi aliishi na huu ugonjwa miaka 9, nikamuuguza mimi, Sinza hapa hapa. Miaka ya mwanzo dozi moja inakushikilia siku nzima husikii kitu. Ugonjwa ukikomaa, dozi inakaa masaa 3, wengine 2, halafu inakatika kama mafuta ya pikipiki katikati ya daraja. Wako alianguka nusu saa kabla ya dozi ya saa 10. Tangi lilikuwa tupu.

Halafu maharage. Protini na levodopa zinagombania mlango mmoja utumboni. Ukimpa dawa pamoja na maharage au nyama, dawa inabaki foleni. Mimi nilikuwa nampa dawa nusu saa hivi kabla ya chakula.

Sasa kuhusu uoga. Nilikuwa na daftari, naandika kila alipokataa kuinuka. Wiki 3. Nilipolisoma nywele zilinisimama. Uoga wa mama ulikuwa unafuata saa. Saa 4 asubuhi anakwenda jikoni anaiba karanga, saa 6 na robo anashika mkono wa kochi mpaka vidole vinakuwa vyeupe, anasema mwanangu nitaanguka. Tulikuwa tunamwambia mbona asubuhi umetembea? Tulidhani anachagua. Alikuwa hachagui.

#14 Mfamasia Kimara
#13 yuko sahihi, naongeza mawili. Msije mkamnyima mzee maharage kabisa mkamkondesha, wagonjwa hawa kukonda ni rahisi. Ni suala la muda tu, na kupanga upya saa za dozi ni kazi ya daktari wake, usihamishe mwenyewe.

La pili, angalia mfuko wake wa dawa kama kuna metoklopramidi, ile ya kichefuchefu inayouzwa kama pipi. Inazuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo na ambayo levodopa inairudishia, yaani kile kile mzee anachokosa. Nimeshaona mtu anatapika kwa sababu ya levodopa, ndugu wanamnunulia hiyo, anaganda kama mlingoti.

#15 Ustadhi Chanika
Assalam alaykum. Niwape kisa cha msikitini kwetu.

Kuna mzee ana ugonjwa huu huu. Akifika mlangoni pa msikiti anasimama. Miguu inatetemeka, unyayo haunyanyuki, watu wanapita pembeni, dakika nzima. Akishavushwa kizingiti akakanyaga zulia lenye mistari ya safu anatembea kama kijana! Mstari kwa mstari mpaka safu ya mbele. Kutoka, anasimama tena mlangoni. Sisi tulisema ni baraka za nyumba ya Mungu. Sijui wajuzi mnasemaje.

#16 Dafu Bovu
Ustadhi na heshima zote, hii chai ina tangawizi.

#17 Tabibu Viungo
Si chai hata kidogo @Dafu Bovu. Kutembea kwako wewe hukufikirii, ubongo unaendesha wenyewe. Kwa hawa ile sehemu inayoendesha yenyewe ndiyo imeharibika. Ukimwekea mstari wa kuvuka, anatumia njia nyingine, anatembea kwa macho na nia. Ndiyo maana wengine wanaganda sebuleni lakini kwenye pundamilia ya barabarani wanavuka. Na milango ndiyo maadui wakubwa. Milango, kugeuka, na sehemu nyembamba. Sisi tunabandika tepu chini, hatua kwa hatua.

Baraka sizikatai, Ustadhi. Ila zulia lina kazi yake pia.

#18 Konda Mstaafu
Mmenikumbusha mbali. Nikiwa konda Mbagala–Kariakoo kulikuwa na abiria wangu, mzee wa makamo, anashuka Mtongani. Tukifika anainuka vizuri, akifika mlangoni anaganda. Mimi napiga bodi, "Haya baba shuka, shuka tunachelewesha watu!" Ndivyo anavyozidi kuganda. Abiria wanatukana, dereva anakanyaga mafuta kwa hasira, mzee jasho linamtoka. Siku moja akanishika bega akaniambia taratibu, "Kijana, usinipigie kelele. Nihesabie." Nikasema moja, mbili, TATU, akashuka. Tangu hapo nikawa namhesabia. Sikujua ana ugonjwa gani, nilidhani ni mwanajeshi.

#19 BintiMagomeni
"Nilidhani ni mwanajeshi" nimecheka mpaka bosi kageuka.

#20 Kinyamkera
Wote mnasema miguu, miguu. Presha mmeipima akiwa AMESIMAMA? Ugonjwa huu na dawa zake vyote vinashusha presha mtu akiinuka. Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe, pima ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mzee haogopi kuanguka, anasikia dunia inamzunguka na hana jina la kuiita. Baba mkwe wangu alikuwa anasema "naogopa", kumbe alikuwa anamaanisha "naona giza".

#21 Pweza Mkavu
Tumekuwa tunampima amekaa tu. Kesho nafanya hivyo. Asanteni, nasoma zote.

#22 Mwanachuo Mabibo
Naona hakuna aliyejibu swali la mleta mada, uoga ni ugonjwa au si ugonjwa. Jibu ni ugonjwa. Wasiwasi unawapata karibu theluthi moja ya wenye Parkinson, na kwa wengine unatangulia hata kabla mkono haujaanza kutetemeka, maana kemikali zinazopungua kichwani ndizo hizo hizo zinazotuliza hofu. Na hofu nayo inagandisha miguu. Mwaka 2014 watafiti wa Canada waliwavisha wagonjwa miwani ya kompyuta, wakawatembeza kwenye ubao. Ubao ukionekana uko chini, wanapita. Ubao ule ule ukionekana uko juu ya shimo refu, wanaganda zaidi. Sakafu halisi haikubadilika. Kilichobadilika ni hofu tu.

#23 Mzee wa Keko
Mwanachuo, huo ubao wenu wa Canada mimi ninao nyumbani. Unaitwa kizingiti cha choo.

Mimi ndiye mgonjwa, mwaka wa 6. Kuandika hapa kwa kidole kimoja kumenichukua karibu saa nzima kwa hiyo msome vizuri.

Mnaongea kuhusu sisi kama mnaongea kuhusu mbuzi mgonjwa. Niwaambie inavyokuwa. Miguu inagandia chini kama imepigiwa misumari, lakini kifua kinaendelea na safari. Unajiona unakwenda mbele bila miguu yako. Kuna nusu sekunde hapo unajua kabisa kwamba utaanguka, na mikono inachelewa. Mwenye afya akijikwaa, mikono inatangulia. Yangu inafika baada ya pua.

Maumivu siyaogopi. Naogopa zile dakika za chini. Niko sakafuni nimelala ubavu, naona vumbi chini ya kabati na sarafu ya shilingi 200 iliyopotea mwaka jana. Mkwe wangu anakuja ananikuta, khanga yake anaitupa juu yangu kwanza kabla ya kuniinua. Anafanya kwa heshima, Mungu ambariki. Lakini naogopa hiyo khanga kuliko kuvunjika nyonga.

Na wewe mleta mada, mnamshika wawili. Mnamshika wapi? Kama mnamshika makwapani mnamwinua, mnamwangusha nyie. Simama pembeni yake, mpe kiwiko chako ashike yeye. Mtu akishikwa ni mzigo, akishika ni mtu.

#24 BintiMagomeni
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili.

#25 Pweza Mkavu
Shikamoo mzee wangu. Tunamshika makwapani. Wallahi sikujua.

#26 Mzee wa Keko
Marahaba. Sarafu bado ipo kule chini, hakuna aliyeitoa.

#27 Kidume cha Tandika
Mnakumbuka Muhammad Ali alivyowasha mwenge wa Olimpiki 1992 mkono unatetemeka dunia nzima inatazama? Hakuogopa kuanguka. Wazee wetu wajifunze ujasiri.

#28 Kinyamkera
Ilikuwa 1996, Atlanta. 1992 ilikuwa Barcelona. Na yule aliambiwa ana ugonjwa 1984, kwa hiyo alikuwa na miaka 12 ya kuuzoea.

#29 Mzee wa Keko
Huyo Ali alifika hapa Dar mwezi wa 2 mwaka 1980, katumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kuonana naye, akaona ni dharau kutumiwa bondia. Tukaenda Moscow na tukarudi na fedha mbili, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

#30 Dafu Bovu
Uzi wa Parkinson umefika Moscow. Napenda sana hili jukwaa.

#31 Kidume cha Tandika
Ngumi si ndizo zilimpa huo ugonjwa?

#32 Mfamasia Kimara
Hilo wanabishana mpaka leo. Kupigwa sana kichwa kunaongeza hatari, lakini yeye alisemekana ana Parkinson kamili. Wengi waliougua hawajawahi hata kurushiana maneno na jirani. James Parkinson alipoandika kuhusu ugonjwa huu London mwaka 1817 alikuwa na watu 6 tu, wengine aliwaona barabarani wakipita. Hapa kwetu walipopita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana nini. Walikuwa wanaitwa wazee tu.

#33 Tiba Asilia Tegeta
Wakuu dawa ipo, MBEGU ZA UPUPU. Zina levodopa ya asili haina kemikali. Mzee ndani ya siku 7 anacheza mpira. Njoo PM.

#34 Dafu Bovu
Upupu? Hapo lazima atembee, atake asitake.

#35 Mfamasia Kimara
Nacheka lakini niseme ukweli. Kinachowasha ni vile vinyweleo vya ganda. Mbegu zenyewe kweli zina levodopa, huyu hajadanganya hapo. Amedanganya kwenye "haina kemikali", maana levodopa NDIYO kemikali. Kiasi kwenye kila mbegu hakilingani, na mzee tayari anakunywa ya vidonge. Ukimwongezea kwa kijiko atachezacheza kweli, viungo vyenyewe vitakuwa vinajinyonga bila yeye kutaka, na presha itashuka. Mleta mada usiguse.

#36 Pweza Mkavu
Wakuu nimerudi, ni siku ya 4 leo. Taarifa ndefu kidogo.

Presha: amelala 138, amesimama 121. Imeshuka 17. @Kinyamkera sijui tuseme imeshuka au haijashuka.

Kumpa kiwiko: mara ya kwanza aliniangalia usoni kwa muda mrefu, halafu akashika. Tulitembea mpaka mlangoni pa korido, akagoma. Nikabandika tepu ya njano. Akaitazama, akaniuliza, "Hapa tunajenga barabara?" Akarudi kwenye kochi.

Sasa sikilizeni. Juzi usiku umeme ulikatika, joto, nikahamia sebuleni nikalala chini kwenye mkeka. Saa 8 usiku nasikia kitanda cha mzee kinalia. Nikataka kuinuka. Halafu nikasikia sauti, taratibu, "Moja. Mbili. Tatu. Nne. KATA."

Wale waliofanya tali wanajua. Unachora vijiti 4, cha tano unakikatisha juu yake. Mzee anahesabu hatua kama magunia. Giza totoro, naona kanzu tu inasogea. Kiganja kinasugua ukuta, nasikia rangi inakwaruza. Moja, mbili. Akafika pale pale alipoangukia mwezi wa 11. Akasimama. Nikashika pumzi. Akanyanyua mguu juu kabisa, kama anavuka gunia lililolala njiani, akaushusha upande wa pili. Hakuna kitu pale, ni tailizi tupu. Akaendelea mpaka chooni. Hatua 11. Akarudi vile vile.

Asubuhi saa 1 ananiita nimshike aende chooni.

#37 BintiMagomeni
Sina maneno.

#38 Konda Mstaafu
Nilisema mimi! Mzee ana akili kuwazidi wote. Haogopi kuanguka, anaogopa kuangushwa. Mkiwepo nyie anaogopa, msipokuwepo anatembea.

#39 Mwanachuo Mabibo
Au anaogopa kuonekana. Rudini kwa bibi wa Yombo kwenye #5 na khanga ya #23. Usiku hana watazamaji.

#40 Mama Naila
Au ni usingizi umempumzisha, wengine wakitoka kulala wanatembea vizuri kidogo! Kwa nini kila mtu anakimbilia mambo ya moyoni? Na mnashangilia nini, usiku ndiyo watu wanavunjika nyonga. Mama yangu alianguka saa 9 usiku akienda hivyo hivyo kimya kimya asitusumbue. Pweza weka taa ndogo ya korido, weka chuma cha kushikia chooni, ondoa kandambili mpe viatu vinavyofunika kisigino. Leo.

#41 Tabibu Viungo
Hapo kwenye kunyanyua mguu juu ya kitu ambacho hakipo, hiyo mbinu tunafundisha sisi kliniki, na wengine wanachukua wiki kuielewa. Mzee kaigundua mwenyewe gizani. Mimi nafikiri mchana mnamsemesha. Akitembea huku anajibu "baba taratibu, baba angalia hapo", hesabu inakatika. Akili moja haiwezi kuhesabu magunia na kujibu maswali.

Ila Mama Naila ana haki kuhusu taa.

#42 Kinyamkera
17 si 20, lakini pima tena asubuhi akitoka kitandani. Kipimo kimoja hakitoshi. Na hata hivyo sikubali kwamba ni hofu tu.

#43 Mzee wa Keko
Msimwambie kwamba mmemwona.

#44 Mama Naila
Mzee wangu nakuheshimu, lakini hapo hapana. Siri ndiyo iliyomuua mama yangu. Mwambieni, mpange naye.

#45 Mzee wa Keko
Mwanangu pole kwa mama. Lakini ukimwambia, kesho usiku atakuwa na mtazamaji.

#46 Pweza Mkavu
Nimemuuliza bi mkubwa jana jikoni, sauti ya chini, kama anajua. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Tangu mwezi wa 12. Na mimi huwa nahesabu." Ndiyo maana anataka mzee aachwe apumzike mchana. Kumbe anajifanya amelala muda wote.

Kaka wa Dodoma nimempigia, kanyamaza, halafu akauliza kama anaweza kutuma hela ya taa.

#47 Dafu Bovu
Kahawa imenipalia.

#48 Pweza Mkavu (saa 8:05 usiku)
Ameanza.

#49 Konda Mstaafu
Tupo mkuu. Amefika ngapi?

#50 Pweza Mkavu
Kata ya kwanza imepita. Yuko kwenye gunia. Kimya.

#51 Mama Naila
Taa uliweka?

#52 Pweza Mkavu
Niliweka. Ameizima.

#53 Mama Naila
Ya Rabi.

#54 Pweza Mkavu
Amefika. Nasikia maji. Msiandike tena, simu inanimulika usoni.

#55 Sidanganyiki (saa 2:40 asubuhi)
Habari za asubuhi. Hivyo vyuma vya kushikia chooni alivyosema Mama Naila, fundi anatoza bei gani? Nauliza kwa ajili ya bibi yangu, Buguruni.

#56 Dafu Bovu
Leo hakuna mkono wa mtu?

#57 Sidanganyiki
Kompyuta bado naichunguza. Bei gani?

#58 Mama Naila
Mimi fundi wa kuchomelea alinifanyia kwa elfu 35, chuma chake na boliti 4. Mwambie atoboe ukuta wa tofali, asitoboe kwenye jipsamu. Na bibi mwenyewe awepo aonyeshe mkono wake unafika wapi, fundi asikisie kwa urefu wake yeye.